Mstari Mweusi wa Baba Kipo

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Baba Kipo, alizaliwa tarehe 12 Februari 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali. Utotoni alishinda chini ya meza ya baba yake akiokota skrubu kwa sumaku. Siku moja aliunganisha saa ya mteja. Vipande vyote viliingia, hakikubaki hata kimoja, na saa ikagoma. Baba yake alicheka: "Kuwamo si kutembea, mwanangu."

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akapata cheti cha ufundi wa maabara mwaka 1980. Aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama matairi ya magari, na hakukihama hadi alipostaafu.

Jina lake lilitokana na kazi. Alitafuta katika sampuli za wagonjwa kimeng'enya kinachogeuza mafuta ya mwili kuwa nguvu mtu anapokaa na njaa. Alikitafuta kwa kingamwili, protini inayotambua umbo la kitu kimoja tu na kukinasa, iliyoletwa katika kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto. Kingamwili ikikinasa kimeng'enya hicho, mstari mweusi hujitokeza kwenye utando mweupe. Hapo alipaza sauti hadi kwenye korido: "Kipo!" Wafagizi wakamjibu: "Na chai, ipo?"

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985 na mwalimu wa chekechea. Walijaliwa mvulana, kisha binti. Binti alizimia kila alipokosa chakula, hivyo mama yake alimlisha kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, kwa saa ya kengele. Mwaka 1997 marehemu alimpima binti yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Una hakika, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Mstari mweusi kama mkaa, mama. Zima kengele, ulale."

Wiki ya saba baada ya kengele kuzimwa, mtoto alishikwa na homa, akashinda bila kula, akalala. Asubuhi hakuamka. Alikuwa na miaka minne. Kimeng'enya kilikuwamo kweli, ila hakikufanya kazi. Kingamwili hutambua sura tu, kazi haiijui.

"Mtoto wa fundi saa, mimi," alisema makaburini.

Hakupaza sauti tena, ingawa jina lilimganda. Chini ya kila jibu aliandika kwa kalamu: "Kipo. Kama kinafanya kazi, sikupima." Mkuu wake alimkemea: "Madaktari wanalalamika. Unapima au unahubiri?"

"Napima, bosi. Ndiyo maana nasema nisichopima."

Mkewe hakumlaumu hata kwa neno moja. Aliirudisha tu kengele kando ya kitanda, na tangu siku ile haijazimwa.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, ikiwa imeshaenea. Hakuna tiba iliyomfaa. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mkewe aliinama akamuuliza: "Baba watoto, upo?"

"Nipo," alijibu. "Usiandike zaidi ya hapo."

Saa nne alifariki.

Ameacha mjane, mwana mmoja, wajukuu wawili, na kengele inayolia kila baada ya saa tatu katika nyumba isiyo na wa kulishwa. Apumzike kwa amani, mahali isikosikika.