Fundi Sifuri na Ndege Aliyelia Kama Simu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Leo tunamkumbuka fundi wa redio na kompyuta aliyefariki wiki iliyopita. Wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Fundi Sifuri. Wapo waliodhani jina hilo alilipata darasani, kwa maksi zake. Yeye hakuwasahihisha. Alikuwa akisema, "Waache. Ukidhaniwa mjinga, watu wanakueleza mambo vizuri."

Jina lile halikutoka darasani. Lilitoka kwenye kisanduku cha muziki. Kisanduku cha mbao alichokiunda kwa mikono yake, kutokana na kompyuta iliyokufa. Shikeni hayo mawili, wasikilizaji: kisanduku, na kompyuta iliyokufa.

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na dirisha ndilo lililokuwa kaunta. Redio zilizopona zilikaa kushoto. Zilizokata roho zilikaa kulia. Katikati kilikaa kikombe chake cha chai, na zaidi ya mara moja alichovya humo chuma cha kulehemu akidhani ni kopo la maji. Akainywa hivyo hivyo.

Binti yake, ambaye ni muuguzi, alituambia: "Baba alikuwa hawezi kutupa kitu. Ukimwambia hiki kimekufa, anakujibu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Basi sisi tumekua tukila chakula katikati ya makoleo yaliyovunjika."

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, sasa amestaafu. Yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe alimwita Mwalimu, hata walipokuwa wamenuniana.

Miaka hiyo shule ya Mwalimu ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, kuukuu, nzito kama gunia la saruji. Ndani yake mlikuwa na kadi ya sauti, kile kibao kinachoifanya kompyuta iimbe. Mwalimu aliitumia kutunga wimbo wa kuwarudisha watoto darasani. Ulikuwa wimbo mfupi. Piano inatangulia. Ngoma na besi zinafuata. Filimbi inaingia. Kisha vyote vinanyamaza, ngoma inapiga mara nne peke yake, na ndege analia. Huyu wa manyoya, si wa abiria. Ndege akilia, kila mtoto awe ameketi. Na waliketi, wasikilizaji. Baadhi yenu mnaonisikiliza sasa mliketi kwa ndege yule.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira. Kompyuta ikafa, na wimbo uliohifadhiwa ndani yake ukafa nayo. Kilichopona ni ile kadi ya sauti tu, na Fundi akaiweka karakanani. Shule ikaletewa kompyuta mpya, nyembamba, ya kupendeza, lakini haikuwa na tundu la kuchomeka kadi ya kizamani. Mwalimu akajaribu kuupiga wimbo wake kwa sauti za mashine mpya. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hawa ni mbu."

Jambo hilo lingeishia hapo, kama si masikio. Mwalimu alikuwa ameanza kutosikia vizuri, na kwa muda alilificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kengele ya shule: ililia, naye akaendelea kufundisha. Daktari akamwambia wazi kwamba masikio yatafifia kidogo kidogo, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Alimwambia mumewe jikoni, akiwa anamenya vitunguu, ili machozi yawe na sababu nyingine. "Nataka niusikie wimbo wangu mara moja tu, kama ulivyokuwa," alisema. "Baada ya hapo, masikio yaende yanakokwenda."

Fundi aliliendea kabati la vyombo, akavuta droo ya juu, akamwaga vijiko mezani, akaondoka na droo.

"Nilidhani amekasirika," Mwalimu alituambia. "Kumbe alikuwa anapima ukubwa."

Droo ile ndiyo iliyokuwa kisanduku. Ndani yake Fundi alifunga kipande cha kadi ile kinachobeba sauti za ala. Akakitengenezea umeme wake kwa transfoma ya redio iliyokata roho. Akatoboa tundu la waya wa kinanda upande mmoja na tundu la waya wa spika upande wa pili. Kwa mara ya kwanza kadi ile ikaimba ikiwa nje ya kompyuta. Iliimba huku ikivuma kama nyuki, kwa sababu waya wa umeme ulipita karibu mno na waya wa sauti. Fundi akabomoa, akaanza upya. Alifanya haraka, na hakuwa mtu wa haraka. Kila alipomwita mkewe kutoka chumba cha mbele, ilibidi apaze sauti zaidi kidogo kuliko juzi.

Wimbo wenyewe ulikuwa umekufa, kwa hiyo Mwalimu aliupiga tena kwenye kinanda, ala moja moja, na Fundi akaupokea kwenye kompyuta yake ya karakanani. Kisha akaipangia kila ala namba yake. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kadi ile ina sauti zaidi ya mia, na kila sauti ina namba. Namba hizo Fundi alizisoma kwenye kijitabu kilichokuja na kadi. Kijitabu kilisema piano ni namba moja. Fundi akaandika moja. Kikampa namba ya filimbi, akaiandika. Kikampa ya ndege, akaiandika.

Alasiri moja kisanduku kikawekwa juu ya meza. Jirani yao, fundi cherehani, akaitwa awe shahidi, akaja na futi yake shingoni. Mwalimu akakaa karibu na spika. Fundi akawasha.

Piano ikaanza. Mwalimu akatulia kama maji mtungini. Ilikuwa piano, ndiyo, lakini haikuwa piano yake. Ilikuwa kali kidogo. Filimbi ikaingia, nayo ni filimbi, lakini si ile.

"Nikajua yamekwisha," Mwalimu alituambia. "Nikasema moyoni, wimbo ni ule ule, masikio ndiyo yameniaga. Nimechelewa."

Fundi akamuuliza, "Vipi, Mwalimu?"

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana, Fundi."

Vyombo vikanyamaza. Ngoma ikapiga mara nne. Na mahali pa ndege, ikalia simu.

Fundi cherehani akajipapasa mfukoni. Fundi akaangalia dirishani. Mwalimu akawatazama wote wawili. "Hiyo simu," akauliza polepole, "na nyinyi mmeisikia?"

"Tumeisikia, mama," akasema fundi cherehani. "Ila siyo yangu."

Mwalimu akapiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. "Basi si masikio yangu!" akasema. "Ni wewe, Fundi! Ni wewe!" Akacheka mpaka akalia, na safari hii hakukuwa na vitunguu.

Kosa lilikuwa hili. Kijitabu kinaanza kuhesabu na moja, kama mimi na wewe. Kadi inaanza na sifuri, kwa hiyo moja kwake ni sauti ya pili. Kila namba aliyoandika Fundi, kadi iliisoma kuwa ya jirani yake. Na humo sauti zimepangwa kiukoo: jirani wa piano ni piano nyingine, jirani wa filimbi ni filimbi nyingine. Hakuna ambaye angejua ni kosa la namba. Ila jirani wa ndege ni simu.

Fundi akapunguza moja kwa kila ala, na wimbo ukarudi kama ulivyokuwa. Mwalimu akausikia. Wasikilizaji, narudia, kwa sababu ndilo lililotakiwa: Mwalimu aliusikia wimbo wake, kwa masikio yake. Ndege tu ndiye ambaye Mwalimu alikataa arudishwe. "Simu iache," alisema. "Ndiyo iliyonitetea." Kuanzia hapo akamwita mumewe Fundi Sifuri, na mtaa ukadaka.

Ikawa mchezo wa nyumba ile. Simu ya kisandukuni ikilia, Mwalimu anaweka kiganja sikioni. "Haloo? Yupo, subiri." Kisha anampa mumewe kiganja kitupu, naye anakipokea: "Sifuri hapa."

Masikio yalikwenda, kama daktari alivyosema. Na Fundi amekwenda pia. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akafariki hospitalini, binti yake akiwa zamuni.

Tulipofika nyumbani kwao, maswali yetu tulimwandikia Mwalimu kwa chaki kwenye ubao mdogo, naye akajibu kwa ile sauti ya darasani. Alituonyesha pengo la droo kabatini. "Aliahidi kunitengenezea nyingine," alisema. "Fundi ni fundi tu."

Kisha akawasha kisanduku, akaweka mkono juu ya spika. Besi aliipata kwa kiganja. Filimbi hakuipata. Ngoma ilipopiga mara nne, aliihesabu kwa kichwa, na simu ilipolia, mkono wake wa pili ulikuwa tayari sikioni.

"Haloo?" akasema. Akasubiri kidogo. "Hayupo."

Kwa niaba ya wote katika studio hii, tunakupa pole, Mwalimu, na pole kwa binti yenu na kwa jirani mwenye futi shingoni. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni mara ngapi tumejihukumu kimya kimya, tukasema "mzuri sana" huku moyo unavunjika, kabla ya kumuuliza aliyekaa karibu kama na yeye amesikia?

Wimbo tunauweka sasa, kutoka kwenye kisanduku chenyewe. Simu ikilia, wasikilizaji wapendwa, msitafute zenu.