Umebeba Nini? Miaka Thelathini na Mmoja ya Mzee Kazungu Dzoro

Mzee Kazungu Dzoro, karani wetu wa uchunguzi, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia ofisi hii miaka thelathini na mmoja, miezi minane na wiki tatu. Hesabu hiyo ni yake. Mimi niliandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 7 Machi 1994, Bi. Ruweida alipofungua ofisi hii ya uwakili juu ya duka la vitambaa hapa Mji wa Kale. Palikuwa na meza moja na viti viwili. Leo tuko mawakili watatu, lakini ngazi ni zile zile za mbao, nyembamba na zenye kona, na wateja wetu wengi ni watu waliogongwa na magari, wenye magongo, wasioweza kuzipanda. Basi miaka yote hii aliyeshuka ni Mzee Kazungu. Mteja wetu huandikiwa maelezo yake barazani, huku wapita njia wakimpa pole, na mmoja wao daima akimpa ushauri wa kisheria ulio bora kuliko wangu.

Kwa wasioijua kazi yake, ni hii. Mtu akiumizwa barabarani, wakili ndiye anayesimama mahakamani akiwa amevaa tai. Kabla ya hapo lazima mtu aende polisi kuchukua hati ya ajali, aende hospitali kumbembeleza daktari aandike ripoti inayosomeka, atafute mashahidi, aipime barabara. Mzee Kazungu huipima kwa hatua zake mwenyewe, akiwa amevaa makubazi yale yale. Kompyuta hakuigusa. Simu yake ina vitufe. Nilimnunulia ya kisasa mwaka wa 2014, akaniambia ahsante, na kesho yake nikamwona nayo muuza kahawa wa kona.

Ila jambo ambalo limenikera, na kunichekesha, na kuniweka nikijiuliza tangu nilipokuja hapa mwaka wa 2003 na suti mpya na imani kubwa juu ya akili zangu, ni swali lake. Mimi humwuliza mteja gari lilikuwa na kasi gani, lilitoka upande gani, taa zilikuwaje. Mzee Kazungu hukaa, huomba radhi kwa kusumbua, kisha huuliza: "Ulikuwa umebeba nini?"

Mwezi huu, nikijitayarisha kuandika wasifu huu, nimefungua mafaili yake ya zamani. Ni zaidi ya mia nne. Kila karatasi ya maelezo, kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto, huanza na kitu alichobeba mtu. Keki ya siku ya kuzaliwa. Mlango, pamoja na fremu yake. Viatu vya mwenyewe mkononi, maana mvua ilikuwa imenyesha. Matokeo ya mtihani wa mtoto. Mmoja alisema hakubeba kitu, na Mzee Kazungu ameandika chini yake, "Nimemwuliza tena kesho yake. Alikuwa amebeba simu." Nilianza kusoma saa tatu asubuhi, na adhuhuri iliponikuta hata dibaji ya wasifu huu sikuwa nimeiandika.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Mwaka wa 2011 tuktuk ilinigusa kiuno katika barabara ya Ndia Kuu. Si ajali ya kutangaza, ila nilianguka. Mzee Kazungu alinikuta kwenye kibaraza na akauliza lile lile. Nikajibu kwa heshima ya wakili kwamba nilikuwa nimebeba faili la mteja. Akanitazama shati. "Faili lilikuwa na nyama ama mboga?" akauliza. Zilikuwa sambusa nne.

Lakini faida ya swali lile niliiona vizuri katika kesi ya Bi. Mahira, na ndiyo ninayotaka ibaki imeandikwa.

Bi. Mahira wa mtaa wa Kuze alikuwa akiishi kwa kupika mkate wa sinia, ule wa mchele wenye kunukia iliki. Jumanne moja ya Februari 2015, saa nne asubuhi, alikuwa akivuka barabara kupeleka mikate kwenye posa, pikapu nyeupe ikamgonga na kwenda zake. Nyonga ilivunjika. Watu walipiga kelele, kila mmoja akataja namba yake ya gari, na hakuna mbili zilizofanana. Hati ya polisi ikaandikwa: gari jeupe, namba haijulikani. Akaambiwa hapo hakuna kesi. Akarudi nyumbani, na kwa kuwa hakuweza tena kusimama mbele ya moto, jiko likazimika.

Alikuja kwetu Oktoba 2017, kwa kusukumwa na bintiye. Sheria humpa mtu aliyeumizwa miaka mitatu ya kufungua kesi. Zilibaki siku mia na kitu. Bila gari hakuna wa kushtaki, hakuna bima ya kulipa, na nyonga ilihitaji upasuaji wa pili ambao familia haikuwa na uwezo nao. Mimi nilisoma hati ya polisi, nikatikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu. Mzee Kazungu akauliza alikuwa amebeba nini.

Masinia mawili ya mikate, akasema Bi. Mahira, moja juu ya jingine, kitambaa, na kawa juu yake. Kawa, kwa wageni wa bara walioko ukumbini, ni kile kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili wa majani ya mkindu, kipana chini na chenye ncha juu. Masinia yaliletwa nyumbani na majirani. Kitambaa kilifungiwa mguu. Kawa je? Bi. Mahira akafikiri. Kawa hakuiona tena.

"Basi imeondoka na gari," akasema Mzee Kazungu, akafunga daftari.

Kwa wiki saba alizunguka kisiwa kizima, kila gereji na kila mahali panapooshwa magari. Hakuuliza habari za ajali, maana ukiuliza ajali watu wote hugeuka mabubu. Aliuliza kawa. Akachekwa Tononoka, akachekwa Mbaraki. Mimi pia nilimcheka, na naomba liandikwe. Wiki ya saba, Ganjoni, akamkuta muosha magari mmoja aitwaye Benard, kijana wa Siaya, amekaa juu ya ndoo akila. Pembeni yake palikuwa na sahani ya pili, imefunikwa kawa.

Mzee Kazungu akauliza ameitoa wapi.

"Mzee, unataka chakula ama unataka kifuniko?" akasema Benard.

"Kifuniko. Chakula naona ni chako na mwenzako."

Benard aliikumbuka siku ile vizuri. Pikapu ya kampuni moja ya kusambaza soda, mteja wake wa kila Jumamosi, ilikuja Jumanne mchana mbio mbio. Dereva akasema amepita juu ya kapu la mtu sokoni. Kawa ilikuwa imenasa kwenye vyuma vya mbele. "Nimeosha magari miaka sita," Benard akasema, "yananuka samaki, yananuka mbuzi. Hilo moja tu ndilo lilinukia iliki." Namba ya gari aliitaja bila kufikiri.

Tulifungua kesi zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Na hapo ndipo nilipoingia mimi na kalamu yangu. Mzee Kazungu alikuwa ameandika kwamba Bi. Mahira alibeba kawa. Mimi, ili ionekane vizuri, nikaongeza kwamba kawa hiyo ilikuwa mali yake. Sikumwuliza mtu.

Kesi ilisikizwa mwaka wa 2019. Wakili wa kampuni, mtu makini kuliko mimi, aliinua kawa ile mbele ya hakimu na kuonyesha ukingoni mafundo matatu ya uzi wa zambarau. Alikuwa amefanya utafiti wake. Mitaa ya Kuze vyombo huazimwa arusini, kwa hiyo kila nyumba hutia alama yake ili kitu kirudi kwao. Akamwuliza Bi. Mahira alama ya nyumba yake ni ipi. Bi. Mahira akasema ni uzi wa kijani, mafundo mawili. Akainamisha kichwa. Wakili akamwambia hakimu kwamba kumbe hii si kawa ya mdai, na kama si yake, basi pikapu ya mteja wake ilinasa kawa ya mtu mwingine, siku nyingine, mahali pengine. Nilisimama kupinga. Nikaomba kesi iahirishwe, nikapewa wiki mbili.

Nje ya mahakama nilimwuliza Bi. Mahira kwa nini hakutuambia. Akalia, akasema hawezi. Nikadhani ni maumivu ya nyonga. Mzee Kazungu, aliyeishi na watu wa Mji wa Kale miaka mingi kuliko mimi, alielewa palepale. Vyombo vikirudi kutoka arusini hubadilishana. Ukipata kawa isiyo yako, ukienda kuuliza yako, ni kama umemwambia jirani kwamba yeye ni mwizi. Ukinyamaza, mwizi ni wewe. Watu hunyamaza wote wawili na maisha huendelea. Bi. Mahira alikuwa tayari kupoteza kesi, na nyonga pamoja nayo, kuliko kusimama mbele ya watu na kusema kwamba alikuwa akitumia kawa ya nyumba nyingine.

Zambarau mafundo matatu ni nyumba ya Bi. Zakiya, kichochoro cha pili, mama wa miaka sabini na kitu. Nilitaka tumpelekee hati ya kumwita mahakamani. Mzee Kazungu akaniambia nibaki ofisini nisome sheria. Akaenda peke yake, akanywa kahawa vikombe viwili, akauliza hali za wajukuu wote kwa majina. Kisha akauliza, "Bibi, siku ile ya arusi ya jirani yenu Lamis, ulipokuwa ukitoka, ulikuwa umebeba nini?"

Bi. Zakiya aliweka kikombe chini. Akaingia jikoni na kutoka na kawa yenye uzi wa kijani. "Ichukue, mwanangu," akasema. "Mwaka wa tano huu, kila nikiifunua naona uso wa Mahira."

Alikataa tuiwasilishe bila yeye. Alikuja mahakamani na buibui lake jipya, kawa mapajani, na akasema hivi, nanukuu kutoka kwenye kumbukumbu za kesi: "Ile ya zambarau ni yangu. Hii ya kijani ni ya Mahira. Zilichanganyika arusini, kila mmoja akajua, kila mmoja akanyamaza. Mimi yake niliipenda, ni pana." Wakili wa kampuni akamwuliza kama anakiri kwamba alichukua mali ya jirani yake. "Nakiri, mwanangu. Andika nimechelewa kurudisha. Sasa na huyo mwenye gari naye aseme lake."

Mahakama ilicheka, hata hakimu alishika kalamu mdomoni. Dereva, aliyeitwa wiki iliyofuata, hakucheka. Alisema lake.

Bi. Mahira alilipwa fidia, alifanyiwa upasuaji, na jiko lake likawaka tena. Sasa hivi anasimamia tu, bintiye ndiye anayekoroga. Kesi ilipofungwa kabisa Mzee Kazungu alizichukua kawa zote mbili mahakamani akazirudisha Kuze, kila moja kwa mwenyewe. Baada ya wiki wanawake wale wawili walikuwa wamebadilishana tena. Walikuwa wamezoea.

Jumanne iliyopita, kwa kuwa muda umeniishia, nilimwuliza Mzee Kazungu swali lile alilijifunza wapi. Nilitegemea kusikia siri ya kazi. Akacheka. Akasema wiki yake ya kwanza, mwaka wa 1994, Bi. Ruweida alimtuma wodini kuandika maelezo ya mtu aliyekatwa mguu. Alifika kitandani, akaona shuka pale ilipolala bapa, na maswali yote aliyofundishwa yakamtoka. "Niliogopa, wakili. Sikuweza kuuliza mguu." Macho yake yakaangukia mikono ya yule mtu, akauliza kitu cha kwanza kilichomjia. Yule mtu akamtazama, kisha akasema, "Jogoo. Na amepona, mshenzi yule." Akacheka mpaka nesi akaja. Halafu akaeleza ajali yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuulizwa tena.

Basi ndivyo hivyo. Nimekaa na mtu huyu miaka ishirini na miwili nikidhani ana ujanja, kumbe alikuwa na haya. Nimejaribu swali lile mara tatu wiki hii. Wateja wawili wamenijibu vizuri. Wa tatu ameniuliza kama mimi ndiye wakili.

Mzee Kazungu, kwa niaba ya Bi. Ruweida, ya ofisi nzima, na ya watu zaidi ya mia nne uliowasikiliza kwenye kibaraza, tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na shamba la Rabai lenye miti isiyohitaji mashahidi. Maisha yako yaliyobaki yawe mema na marefu, na ukipita mjini, tafadhali usipande ngazi. Tutashuka sisi.

Leo jioni utatoka hapa na sinia la mkate kutoka kwa Bi. Mahira, na juu yake kawa mpya aliyoisuka Bi. Zakiya. Ukingo wake hauna uzi. Wamekuachia utie alama yako. Bi. Zakiya ameniagiza niandike hili, na nisibadilishe neno, kwa kuwa anajua tabia yangu: ukiipeleka arusini na ikarudi nyingine, usinyamaze.