Haikuwa Mara Yake ya Kwanza

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena!

Wengi mnanijua kama dada wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimelala Ifakara, Makambako, Dumila, popote gari liliposimama. Nilitaka tu kujua kuna nini mbele. Hapa Mikumi nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye gesti. Mchana mmoja mlinzi wa gesti ile akanifungia stoo na kunitendea aibu. Nilipiga kelele mpaka wapishi wakavunja mlango.

Kesi ikapelekwa mahakamani Kilosa. Zamani, mambo yakiwa mazito, nilifunga mfuko na kuondoka. Safari hii Yesu alinishika miguu! Kila kesi ilipoahirishwa nilirudi Mikumi, na ilipoitwa tena nilikuwepo. Mlinzi akapatikana na hatia.

Ndugu zangu, hapo ndipo vita ilipoanza. Wakili wa serikali, dada mmoja mwenye sauti ndogo na macho makali, alinieleza kwamba kabla ya adhabu hakimu huuliza kama mtu huyo ana makosa ya nyuma. Kama hana, anahesabiwa mkosaji wa mara ya kwanza, anaweza kuonewa huruma na kurudi palepale kwenye gesti. Nami nilikuwa nimeshaulizauliza kwenye stendi za barabara nzima, nikasikia alishafungwa Morogoro kwa jambo hilohilo.

"Maneno ya stendi siwezi kumpa hakimu," wakili akasema. Akaomba muda, akaifuata hukumu ya Morogoro, akaipata. Mlinzi akakana. Eti ni majina tu yamefanana!

"Basi nahitaji mtu aliyekuwepo siku ile anahukumiwa," wakili akaniambia.

Wiki hiyo mzee mmoja wa kanisa akaniita. "Binti yangu, ameshatiwa hatiani. Msamehe, aanze upya."

Nikamjibu, "Nimekusikia, mzee. Nimemsamehe. Lakini siwezi kunyamaza aitwe mgeni wa dhambi hii."

Nikaenda Morogoro, nikamtafuta nyumba kwa nyumba mama aliyetajwa kwenye hukumu ile, nikaelekezwa Rudewa. Mama yule aliyeumizwa kabla yangu sasa ameolewa kwa wafugaji. Alinisikiliza akiwa anapalilia mahindi, hakuinua kichwa.

"Mume wangu hajui," akasema. "Wewe unapoteza nini? Huna mume, huna hata mji!"

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nilichukua jembe, nikapalilia mstari wa pili, huku naomba moyoni: Bwana, mimi nimefika mwisho wa maneno yangu. Nikamwachia tarehe ya kesi, nikaondoka bila ahadi yoyote.

Siku ile Kilosa nilikaa kwenye benchi nikitazama mlango. Wakili akanitazama, nikatikisa kichwa. Mara nikasikia mabishano mlangoni.

"Mzee, fimbo iache nje," askari alikuwa anasema.

"Naiacha. Ila huyo mliyemshika naye msimwache atoke!"

Alikuwa mume wa mama wa Rudewa! Na mama yule nyuma yake, amejifunga kitenge kipya. Alikuwa amemwambia mwenyewe usiku uliotangulia, na mume akasema twende wote.

Wakili wa serikali akamsimamisha. Mama akaapa, akamtazama mlinzi, akasema, "Ndiye. Nilikuwepo alipofungwa." Mlinzi akainamisha uso. Hakimu akamhesabu kama mtu aliyerudia kosa, akampeleka gerezani. Tulipotoka nje yule mama alinishika mkono, tukalia wote wawili, na mume wake akatununulia soda.

Namshukuru Mungu aliyefungua kinywa cha mama yule. Namshukuru kwa wakili ambaye hakuona uvivu kutafuta hukumu ya zamani. Na wewe dada, au wewe kaka, uliyekaa hapa na jambo lako kifuani ukiambiwa ulimalize nyumbani, mtegemee Bwana. Anaweza! Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Njoo uniambie, na kesho asubuhi tutapanda basi la Kilosa pamoja.