Gashe Mekuria na Pedali Iliyogoma Kurudi

...na ndiyo maana, wenzangu, nasema bila aibu: kama si mzee wetu, Gashe Mekuria Desta, nisingeolewa. Fundi wetu mkuu anastaafu tarehe kumi ya mwezi huu wa Sene, baada ya miaka thelathini na minne katika gereji yetu ya Dessie. Nimepewa nafasi hii nimsifu yeye, nami nitajitahidi nisimsifu sana mume wangu.

Gashe alitufundisha kwamba gari haliguswi kabla ya kikombe cha tatu cha kahawa. Injini nyingi zilipoa zenyewe zikimsubiri.

Lakini kilele cha kazi yake ni lori kuukuu aliloendesha Yitbarek, dereva kijana wa hapa kwetu. Asubuhi za baridi, pedali ya klachi ilikuwa ikikanyagwa inabaki chini, kisha inapanda polepole kama bibi harusi anayeaga kwao, na hilo nalijua. Gashe akabadilisha springi, halafu silinda, halafu bomba la mafuta. Pedali haikujali. Hapo akatoa hukumu: "Gari ni zima. Kibovu ni mguu wa dereva." Meneja, Ato Girma, akaamua kwamba Jumamosi mwenye mguu huo atafute kazi kwingine.

Kila spea ilitoka stoo kwangu, na Yitbarek aliifuata mwenyewe, na macho yake yale.

"Dada Sosina, nimetumwa springi."

"Ya jana umeila?"

Nilikuwa nikiomba pedali isipone. Niliposikia ya Jumamosi, nikaomba ipone hata kesho.

Ijumaa jua likawaka, nyuki wakajaa ndani ya lori. Gashe akainama, akagusa pini inayoshika pedali, akalamba kidole. Ilikuwa asali ya Lasta, ambayo yeye mwenyewe huwaagiza madereva wa njia ile, na huamuru kopo likae miguuni pa dereva lisipinduke. Kopo lilivuja, asali ikaingia kwenye pini na kuganda kila asubuhi ya baridi.

Angeweza kuiosha kwa maji moto akanyamaza, nani angemuuliza? Badala yake alikwenda kwa Ato Girma, kidole kikinata. "Mguu wa kijana ni mzima. Asali ni yangu." Kisha akakumbusha kwamba, hata hivyo, aliyegundua ugonjwa ni yeye.

Gashe, asante kwa kidole kile. Pumzika, unywe vikombe vyako vitatu bila lori kukungoja. Mimi na Yitbarek wangu tutakuja kwako Kombolcha kabla mwezi huu haujaisha, na kopo la asali. Safari hii nitalipakata mwenyewe.