Baiskeli ya Felician Iende Dar es Salaam?

Hii ni Sauti ya Kusini, idhaa kuu inayosikika kutoka ukingo wa Ruvuma hadi pwani ya Lindi! Yaani bwaloni, hapa shuleni. Na jikoni, upepo ukitupendelea, maana kipaza sauti chetu ni kimoja na kimefungwa kwenye mkorosho.

Wasikilizaji wapendwa, leo ni arobaini ya Felician wa Kidato cha Tatu. Alizaliwa Newala, akasoma nasi hapa Masasi. Familia yake imekuja kuamua jambo moja tu: baiskeli yake irudi nyumbani, au wiki ijayo iende Dar es Salaam na wenzake wanaokwenda kwa baiskeli, kwenye sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Mama yake amekaa hapa mbele. Shikamoo, Mama Felician. Ameitikia.

Felician ndiye aliyeiota safari hiyo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Ndanda. Lakini kila lori la korosho liliposimama, alimganda dereva. Mchanga uko wapi? Pantoni ya Rufiji inavusha saa ngapi? Simba je?

Simba wapo, madereva walimwambia. Basi akamwomba Bwanali, mpishi wetu, awe simba. Bwanali akajificha kichakani, njia ya Chiungutwa, akachomoka akinguruma na sufuria kichwani. Waendeshaji wote tuliokuwa nao mazoezini wakaanguka. Felician peke yake akapiga kengele.

"Simba haogopi kengele, we mjinga!" Bwanali alimfokea.

"Huyu kaogopa," Felician akajibu. "Kaacha kunguruma."

Kwao Newala maji hayako juu. Yako bondeni. Dada yake, Claudia, ametusimulia hivi: "Akija likizo anafunga madebe mawili kwenye keria, anapandisha mlima. Bibi zetu wanapata maji, yeye anapata miguu ya safari. Nikimwambia pumzika, ananiita gunia la mihogo."

Narudia, wasikilizaji wapendwa: maji yako bondeni. Na bonde lile linatazama Msumbiji, kwenye vita. Siku ile, akiwa kwao kwa ruhusa fupi, Felician aliegesha baiskeli pale njia inapobaki ya miguu tu. Akashuka na debe. Kulikuwa na bomu limetegwa ardhini.

Baiskeli ilikutwa imeegeshwa vilevile.

Habari ilitufikia tukiwa tunakula maharage. Tuliendelea kula. Mmoja akasema chumvi imezidi, tukakubaliana kwamba imezidi. Tukaosha sahani. Tangu hapo tumeziba pancha, tumekaza breki, tumejaza upepo. Hakuna aliyelia. Hata mtangazaji wenu anayasoma haya kama anayesoma bei ya korosho.

Tunawapa pole mama, dada, na mjomba wa marehemu, Mzee Lucian. Nasi tuliobaki tutafakari, wasikilizaji wapendwa. Tumtazame mwenzetu angali hai, tujiulize ni mzigo gani anaotubebea ambao sisi...

Samahani. Mzee Lucian amesimama. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa vitu vya marehemu, kwa hiyo nampisha.

"Baiskeli iende," anasema. "Mama yake anataka ifike Dar es Salaam. Na wa kuipeleka ni wewe, Gregory."

"Mimi, mzee?"

"Wewe. Kila alipokwenda mlikuwa wawili, Newala nzima inajua. Haya, acha hotuba. Ipande, zunguka uwanja, mama yako aone."

Wameileta. Wameiweka mbele ya kipaza sauti, keria yake bado ina kamba za madebe. Huko jikoni Bwanali anakohoa kikohozi cha mtu anayejua jambo.

"Mbona husogei, mwanangu?" Mama Felician anauliza.

Wasikilizaji wapendwa... Hapana. Mama. Mimi sijui kuendesha baiskeli. Sijawahi kujua. Nilikuwa nakaa nyuma yake, kwenye keria. Yeye anakanyaga, mimi nasema tu.