Matone ya Uwatu

BAHIJA: Haloo? Rawya?

INSHIRAH: Rawya kalala. Nani mwenzangu?

BAHIJA: Mimi Bahija, mdogo wake. Salaam alaykum, Haja Inshirah.

INSHIRAH: Waalaykumu salaam, daktari wa panya. Mbona sauti imekauka hivyo?

BAHIJA: Nimechoka, Haja. Nimeshinda maabara nikipasua panya wenye mimba.

INSHIRAH: Astaghfirullah. Na mimi hapa nakata majani ya mulukhia, mboga ya jioni—

BAHIJA: Yale matone ya uwatu uliyomnunulia Rawya, bado anakunywa?

INSHIRAH: Namtilia mwenyewe kwenye chai, asubuhi na jioni. Maziwa yaanze kujikusanya mapema, kabla hajazaa. Binti yangu Sanaa alizaa kifua kikavu, mtoto analia, na mimi nalia. Mkwe wangu hayatamkuta hayo.

BAHIJA: Aache, Haja. Asinywe tena.

INSHIRAH: Uwatu? Hebu niondolee balaa. Uwatu tumekunywa sisi, wakanywa mama zetu—

BAHIJA: Mlikunywa lini?

INSHIRAH: Lini tena? Tukishazaa.

BAHIJA: Mkishazaa.

INSHIRAH: Mama yangu alikuwa anaufungia kabatini, ufunguo shingoni, mpaka mtoto alie. Lakini haya ni ya dukani, Bahija. Kichupa kimeandikwa mmea mtupu, hauna madhara—

BAHIJA: Ni uwatu mwingi mno uliokamuliwa ndani ya kichupa. Ndio tunaoupima. Mkubwa wangu wa kazini kasema nisifungue mdomo mpaka—

[mtandao unakwaruza]

INSHIRAH: Sikusikii.

BAHIJA: Nasema hii simu sikutakiwa kuipiga.

INSHIRAH: Panya ni panya. Mtu si panya.

BAHIJA: Ni kweli. Pengine kwa mtu si kitu. Sijui, Haja, wallahi sijui.

INSHIRAH: Hao uliowapasua. Watoto wao wakoje?

BAHIJA: Wewe muachishe tu.

INSHIRAH: Nimekuuliza, mwanangu. Nijibu.

BAHIJA: Waliokula chakula kitupu, watoto wao wazima. Waliopewa matone… hawakufika, Haja. Mimba ziliharibika.

[sufuria inatokota]

BAHIJA: Haja? Rawya si mtu wa kulala saa hizi. Ana nini?

INSHIRAH: Kiuno. Tangu adhuhuri anasema kinamkata.

BAHIJA: Na hukunipigia?

INSHIRAH: Nikamwambia ni uvivu. Nikamwongezea matone, apate nguvu.

BAHIJA: …Mwamshe. Mwite jirani wenu mwenye bajaji, muende hospitali sasa hivi. Kichupa mkichukue, mkawaonyeshe.

INSHIRAH: Nitamwambia nini, Bahija? Ataniuliza.

BAHIJA: Mwambie mimi nime— salio linaisha. Haja, mshike mkono tu, mimi nakuja na gari la—

[simu imekatika]

INSHIRAH: Haloo? Bahija? … Rawya. Rawya, mwanangu, amka. Amka twende.