Mgeni wa Mbabe

Nilikuwa naelekea darasa la jioni, basi likiwa nusu tupu. Mbele yangu fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni, alipakata mfuko wa plastiki wenye maji na samaki mmoja. Muuguzi aliyekaa kando yake akamuuliza anampeleka wapi.

"Kwa samaki wangu mbabe, dada. Ameshaua wenzake watatu kwenye tangi."

"Na wewe unampelekea wa nne? Kaka, hapo umepeleka chakula, si mwenza."

Fundi hakucheka. Alisema mama yake amepooza na tangi liko mbele ya kitanda chake. Mbabe akibaki peke yake hujificha nyuma ya mawe, na mama hugeuza uso ukutani siku nzima.

"Wale watatu walikuwa wadogo, kosa langu. Huyu analingana naye, tena rangi yao ni tofauti, asimwone mpinzani. Mbabe nitamweka kwenye ndoo, nipange mawe upya, huyu aingie kwanza. Mwenyewe akirudi, atajikuta yeye ndiye mgeni."

"Mnunulie mama redio, upumzike."

"Redio anayo. Haimgeuzi shingo."

"Haya, na huyu naye akiuawa?"

"Nitapanda basi hili hili kwenda kuchukua mwingine."

Muuguzi alikuwa bado anatikisa kichwa basi liliposimama. Fundi akashuka polepole, mikono yote miwili chini ya mfuko. Nikamwombea mama yake. Halafu, sijui kama inaruhusiwa, nikamwombea na samaki.